Masanduku Yanayomsubiri Mgeni Rasmi

Mbuya, Kampala
Ijumaa, baada ya shule

Dada yangu Mwanaidi,

Kabla sijakuamkia, nikuambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata mama. Mimi hufanya mazoezi ya kuongea. Nikitumwa dukani kununua chumvi, kwanza nasimama nyuma ya mlango wa jikoni naisema sentensi nzima kwa kunong'ona, salamu na yote, ndipo natoka. Nikifika huko, mara nyingi muuzaji ananiuliza kitu ambacho sikukifanyia mazoezi, na kazi yote inakuwa bure. Nilidhani nikija mahali ambapo hakuna anayenijua, tabia hii itaniisha. Imenisindikiza mpaka Kampala. Nakuambia kwa sababu habari niliyo nayo haitaeleweka bila hilo, na nakuomba usiwasomee wengine sehemu hii. Kuanzia hapa chini unaweza kusoma kwa sauti.

Shikamoo dada. Hali yako inaendeleaje, na mtoto anacheza? Baba alipopiga simu alisema umesharudi kwa mama kusubiri siku zako, kama ilivyo kwa uzazi wa kwanza, na kwamba shemeji anakuja kila Ijumaa na samaki ambao wewe huwezi hata kuwanusa. Nilicheka peke yangu. Miguu bado inavimba? Ukiona na kichwa kinakuuma sana au macho yanaingia ukungu, usingoje asubuhi, nenda kliniki. Usidhani nimekuwa daktari. Nitakueleza haya nimeyapata wapi.

Mimi ni mzima na ninakula vizuri, labda kupita kiasi, maana mama mdogo anaamini kwamba mtu anayesoma sana hupungukiwa damu. Barua hii anakuletea Mama Salma, yule muuza vitenge, ambaye anakwenda Tanga kumwona mama yake. Simu ipo, lakini unanijua, kwenye simu nasema "ndiyo" na "haya" mpaka salio linakwisha.

Shule ni nzuri. Najua utauliza kama nimepata rafiki. Nimepata mmoja na nusu. Hapa Kiswahili wengi wamekisikia kwa askari na polisi tu, kwenye vizuizi vya barabarani, na wanakiogopa. Wiki ya kwanza nilimwambia jirani yangu wa dawati, "Samahani, naomba unisogezee kitabu." Aliinuka akanipigia saluti, darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo jina langu ni Afande. Sikukasirika. Nadhani hawakuwahi kusikia Kiswahili cha kuomba radhi. Yule aliyepiga saluti ndiye rafiki yangu sasa. Yule nusu ni mtunza maktaba.

Afande wa kweli ni baba mdogo, huyu mume wa mama mdogo. Unakumbuka alivyokuja kwenye harusi yako, mrefu, kimya, suti imenyooka kama ubao? Basi nyumbani yuko hivyohivyo. Jeshini alikuwa mtunza stoo mpaka akastaafu, na stoo haijamtoka. Sukari ya humu ndani haimiminwi bila yeye kujua inakwenda kwenye kikombe cha nani. Lakini ni mtu mwema kabisa. Jumapili yeye anakwenda kanisani, Ijumaa mama mdogo anakwenda msikitini, na siku zote mbili anayepika ni mimi, na hakuna anayelalamika isipokuwa wali ukiungua.

Chumba cha mbele cha nyumba hii zamani kilikuwa duka. Mama mdogo amekitoa kwa kikundi cha kina mama. Kila Jumamosi wanakuja wajawazito na wenye watoto wadogo, wengi wake za askari kutoka kaskazini, Wakongomani kadhaa, na Waganda wa mtaani. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha, kila mmoja anakivunja kwa namna yake na wote wanaelewana. Mama mdogo alipewa mafunzo na watu wa afya, basi anawafundisha dalili za hatari, chakula, kunyonyesha, na jambo moja ambalo mimi sikulijua: kwamba mtoto aongeleshwe tangu siku ya kwanza, hata kama hajui neno, na kwamba kucheza ndiyo kazi yake, kama kulima ilivyo kazi ya mkulima. Mimi huwa nakaa pembeni nikiwashika watoto mama zao wanaposikiliza. Kwa watoto sihitaji mazoezi. Huwa naongea nao moja kwa moja.

Sasa ndiyo habari yenyewe. Miezi kadhaa iliyopita shirika moja liliwaletea vitu. Yalikuwamo makasha ya mifuko ya kujifungulia, ambayo hapa wanaiita mamakiti: pamba, glavu, wembe mpya, uzi wa kufungia kitovu, na nailoni ya kutandika kitandani. Hapa mwanamke akienda kujifungua anatakiwa afike navyo, asipokuwa navyo ndugu zake wanaanza kukimbizana madukani uchungu ukiwa umeshapamba moto. Vilikuwamo pia vitu vya watoto, vikombe vya rangi vinavyoingiana, vipande vya mbao laini vya kujengea, na vitabu vya kitambaa ambavyo mtoto anaweza kuvitafuna na visiharibike. Mwenyekiti wa kikundi, Nnalongo, akasoma majina ya wajawazito wote, kila mmoja akajua mfuko wake upo. Watu wakapiga vigelegele. Kisha vitu vyote vikafungwa kwenye masanduku ya bati ya baba mdogo, kumsubiri mgeni rasmi.

Usicheke. Hukumbuki choo kipya cha shule yetu ya msingi, kilivyofungwa kufuli mpaka mkubwa aje kukata utepe, na sisi tukajibana muhula mzima?

Nnalongo ndivyo Waganda wanavyomwita mama aliyezaa mapacha, na ni jina la heshima. Ni mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, na bila yeye kikundi kisingekuwapo. Kwake, zawadi isiyozinduliwa ni kama bibi harusi aliyetoroshwa dirishani. Alimwalika mama mmoja wa ofisi kubwa anayekaa Ntinda. Mara ya kwanza yule mama akasafiri. Mara ya pili akafiwa, na keki ilikuwa imeshaokwa, tukaila wenyewe kwa huzuni. Mara ya tatu hakujibu. Masanduku yakabaki pale pale ukutani, yamefunikwa kitambaa cheupe, na ufunguo ukabaki shingoni kwa baba mdogo.

Hakuna aliyeiba hata uzi. Hilo ndilo lililonisumbua zaidi, kwamba kila mtu alikuwa anafanya vizuri. Kila Jumamosi baba mdogo alifungua masanduku ili unyevu utoke, akavitandaza vitu vya watoto juani kwenye mkeka, akavipangusa kimoja kimoja. Watoto walisimama kando wakiviangalia vikombe vikiota jua. Otim, mtoto wa jirani yetu Lakot, anayeanza tu kukimbia vizuri, alisimama mbele ya wote, mikono nyuma, kama mkaguzi. Baba mdogo alimwambia kila mara, "Tazama na macho," na kila mara alipokuwa akivirudisha ndani nilimsikia akishusha pumzi. Ndani ya chumba watoto walichezea vizibo vya soda na ndala za mama zao. Mimi niliwaonyesha picha za kitabu changu cha baiolojia. Otim anapenda kiluwiluwi kuliko kitu chochote duniani.

Huyo Lakot, mama yake Otim, alikuwa mjamzito, na mumewe ni askari aliyepelekwa mbali mpakani. Mama mdogo alimsihi mara kwa mara akanunue mamakiti kwenye maduka ya Nakivubo, asingoje. Alijibu kwa sauti yake ndogo, "Yangu iko ndani ya sanduku, mama. Nnalongo alishaita jina yangu. Nikinunua ingine, watu watasema siamini kikundi." Na kila alipopita karibu na masanduku aliyaangalia kama mtu anavyoangalia mlango wa nyumba yake mwenyewe uliofungwa.

Jumamosi iliyopita, mkutano ulipokwisha, mama mdogo alishuka mjini kununua mchele. Mimi nilikuwa nakunja mikeka. Lakot alirudi akashika fremu ya mlango, Otim nyuma yake. Aliniambia uchungu umeanza tangu asubuhi na sasa unakuja kwa haraka, na akaniomba nimwambie Afande amtolee mfuko wake. Mwenyewe hakuweza. Baba mdogo ni wa ukoo wa mumewe, huko kaskazini, kwake ni kama baba mkwe, na habari za uzazi hamwambii baba mkwe.

Basi nikaenda uani. Dada, hapakuwa na mlango wa kusimama nyuma yake. Baba mdogo alikuwa amechuchumaa kwenye mkeka akipanga vikombe vya rangi juani, kikubwa mpaka kidogo.

"Baba mdogo," nikasema. "Lakot."

"Lakot iko na nini?"

"Uchungu. Anaomba mamakiti yake."

Aliinuka, akashika ufunguo shingoni. Akampigia Nnalongo. Simu ilikuwa imezimwa, kwa sababu alikuwa kwenye sherehe ya kumtambulisha mkwe. Akapiga tena. Nilimwona uso ukibadilika, nikajua kwamba anateseka. Alieleza polepole, kama anajieleza mwenyewe, kwamba kamati ilimkabidhi vitu, kwamba ilisema visitoke mpaka mgeni afike, na kwamba maisha yake yote hajawahi kutoa kitu kwa neno lake mwenyewe.

"Kitu ikitoka stoo, lazima iko mtu anajibu," akasema. "Mimi ni stoo. Stoo haijibu. Nani atajibu mbele ya kamati?"

Nilitazama nyuma. Uani hapakuwa na mtu mwingine.

"Mimi," nikasema.

"Sema jina."

"Rukia."

"Rukia anajibu," akasema, na kabla hajamaliza kusema alikuwa ameshaingia ndani na sanduku lilikuwa limeshafunguka. Nadhani alikuwa amelisubiri neno lile wiki nyingi kuliko Lakot. Alichagua mfuko, akaukagua mshono wake, akaona hautoshi. Akaingia chumbani kwake akatoka na khanga mpya ya mama mdogo, ile aliyoletewa na mama, bado ina harufu ya dukani. Hiyo ilitoka bila mtu wa kujibu, na mpaka leo mama mdogo anamuuliza.

Aliita gari la kukodi. Jirani mmoja, mwanamke mtu mzima, alikaa nyuma na Lakot. Baba mdogo alikaa mbele, ameupakata mfuko kwa mikono miwili, anatazama mbele tu ili asimwaibishe mkwewe. Mimi nilibaki na Otim. Alilia kidogo, tukasoma kiluwiluwi, tukala ndizi, tukasoma kiluwiluwi tena.

Lakot alijifungua kabla ya magharibi. Mtoto wa kike, mnene, ana sauti. Yule jirani anasema muuguzi alipowapokea swali lake la kwanza lilikuwa, "Vitu viko wapi?" na Lakot alinyoosha mkono tu. Walipofika wodini, mwanamke wa kitanda cha pili alikuwa peke yake, dada yake amekimbia kutafuta glavu. Sijui aliishia vipi. Nimemfikiria wiki nzima.

Sasa imebaki zamu yangu. Nnalongo amepata habari, na ametuma ujumbe kwamba kesho kwenye mkutano atakayejibu awepo. Hakusema kwa hasira, wala kwa furaha. Mama mdogo anasema nisiogope, yeye atakuwa kando yangu, lakini baba mdogo anasema aliyesema jina ndiye anayejibu. Nafikiri baba mdogo ana haki. Kuna wajawazito wengine, mifuko yao bado imo mle sandukuni, na nao hawaombi. Nikinyamaza kesho, kufuli linarudi na kitambaa cheupe juu yake, na safari nyingine huenda hapatakuwa na mtu uani.

Nitaifunga barua kwanza, kwa sababu Mama Salma anapitia hapa kesho mchana na sijui kesho nitakuwa na mikono ya kuandikia. Dada, vitu vya mtoto ambavyo mama amekufichia kabatini kwa ajili ya siku ya watu kuja kumwona mtoto, vitoe, vifue, vitumie. Ongea na mtoto wako tumboni, mama mdogo anasema wanasikia. Mwambie ana mama mdogo Kampala.

Msalimie mama na umbusu mkono. Msalimie baba, mwambie hesabu zimepanda. Bibi mzaa mama, aliyenifumia sweta la Kampala, mwambie baridi ya hapa ni ya asubuhi tu, lakini nalivaa. Shangazi anayesuka ukili, shemeji wa samaki, na kaka yetu mdogo asiyefunga daftari, wote salamu zao. Baba mdogo na mama mdogo wanawasalimu sana.

Jumamosi, alasiri

Dada, Mama Salma amechelewa, kwa hiyo nimefungua tena bahasha.

Nnalongo alikuja amevaa gomesi la kung'aa, lile gauni la heshima la Waganda, akakaa kwenye kiti, kina mama wakiwa mikekani. Chumba kilijaa kuliko siku zote. Kuna waliokuja kwa ajili yangu tu, kama watu wanavyokwenda kutazama mpira. Akauliza nani alitoa mfuko kabla ya mgeni. Baba mdogo alikuwa mlangoni, amesimama wima.

"Stoo ilitoa," akasema. "Rukia anajibu."

Nikasimama. Yote niliyoyapanga wiki nzima yaliondoka. Nilisema tu yaliyokuwapo.

"Nnalongo, mfuko ulikuwa wa Lakot. Wewe mwenyewe ulisoma jina lake. Mimi niliuomba kwa sababu yeye aliona aibu kuuomba. Wapo wengine humu wanaoona aibu."

Nikakaa. Nnalongo hakunitazama. Aliwageukia kina mama akawauliza taratibu, nani mwingine anaona haya. Mtoto mmoja alikuwa anagonga kizibo sakafuni. Kisha mwanamke mmoja wa Kongo, aliyekaa nyuma kabisa na ambaye tumbo lake linaonekana kutoka barabarani, akainua mkono mpaka begani. Akafuata mwingine. Kisha wajawazito wote, na mikono mingine haikuwa hata ya wajawazito.

Nnalongo alikaa akiitazama ile mikono. Nilimwonea huruma, dada, kwa sababu alikuwa ametaka wafanyiwe jambo la heshima, na sasa aliona heshima yenyewe imewafunga midomo.

Aliyemwokoa ni yule jirani aliyempeleka Lakot. "Nnalongo," akasema, "keki tulishakula. Imebaki nini ya kuzindua?"

Kina mama wakacheka, kwanza kwa woga, halafu kwa nguvu. Nnalongo alicheka wa mwisho, kaziba mdomo kwa mkono. Akanigeukia.

"Lukia," akasema, kwa ile l ya Kiganda, "kumbe wewe huongei kwa sababu unaweka akiba."

Akamwambia baba mdogo afungue yote. Baba mdogo hakusogea.

"Nani anajibu?" akauliza.

"Kamati inajibu, Afande. Fungua."

Mifuko ikagawiwa, jina kwa jina, bila hotuba. Nnalongo akasema kwamba mama wa Ntinda akija siku yoyote atakaribishwa, na atakaa mkekani na watoto. Vitu vya watoto vikatolewa navyo. Kabla ya adhuhuri kipande kimoja cha mbao kilikuwa kimeshapotea, na kitabu kimoja kilikuwa kimelowa mate upande mzima. Baba mdogo alitoka nje akazunguka ua, akarudi, akatazama, akatoka tena.

Mimi nilichukua beseni, nikaweka maji na sabuni, nikaosha vikombe vyote kwa sababu vilikuwa na harufu ya dawa ya mende. Nikavipangusa kwa kitambaa cheupe kilichokuwa kimefunika masanduku. Kisha nikakaa chini karibu na Otim, nikamwonyesha jinsi kidogo kinavyoingia ndani ya kikubwa, mara moja tu, nikaviweka vyote mbele yake, nikaondoa mikono yangu.

Mdogo wako,
Rukia